Kibao kwenye Njia ya Kwa Emérance

Bwera,
Wilaya ya Kasese,
14 Septemba 2024.

Mpendwa Kaka Caleb,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Wavinya na watoto. Kifua chako kinaendeleaje? Tulipoongea mara ya mwisho ulikuwa unakohoa kila baada ya neno, ukaniambia ni vumbi la saruji tu. Tafadhali usilizoee. Nenda ukapimwe, na wifi akusindikize, maana najua ukienda peke yako utarudi useme umepona.

Sisi huku hatujambo. Goti langu bado linanisumbua nikipanda kilima, lakini natembea. Dada yako Sylvie alikuja Jumapili kutoka Karusandara na kapu la mahindi mabichi. Mume wake amelima vizuri mwaka huu. Mvua imeanza kwa nguvu, na milima hatujaiona siku nyingi kwa sababu ya mawingu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini nina jambo ambalo nataka ulisome mpaka mwisho kabla hujanijibu, na wewe kwenye simu hujawahi kunisubiri nimalize. Kwa hiyo barua hii nampa Olanya, yule dereva wa lori anayepita huko kwenu akienda Mombasa.

Unakumbuka nilipogombea udiwani sikuahidi makubwa. Niliahidi mitaro. Maji ya mvua yanashuka kutoka juu, yanaingia madukani, yanabeba takataka za soko na kuzimwaga mlangoni mwa shule. Kwa maoni yangu, mji usio na mitaro usianze kuzungumzia taa za barabarani. Kila kikao nasimama kusema hivyo, hata wenzangu wameniita Mama Mitaro, na jina nimelipokea. Baada ya mitaro nataka choo cha wanawake sokoni, kwa sababu wale wanaovuka mpaka asubuhi na mizigo kichwani hawana pa kujisaidia mpaka jioni. Mengine yaje baadaye.

Basi, lilipoletwa pendekezo la kuzipa njia zetu majina na kuziwekea vibao, nilikuwa wa kwanza kulipinga. Nilisema watu hawali vibao.

Mchana mmoja wa mwezi Juni ndio ulionibadilisha. Atukunda, mke wa mwalimu, anayepanga nyuma ya kinu cha mahindi, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, mumewe akiwa Kasese mjini. Tulipiga simu hospitali na gari la wagonjwa likatoka mara moja. Dereva akauliza ni njia gani, tukamwambia ni ile ya kwa Emérance. Hakuwa mtu wa hapa. Alipouliza barabarani, akaelekezwa kwa Emérance mwingine, fundi cherehani anayekaa upande wa Nyakiyumbu. Tulikisikia king'ora kikizunguka mbali nasi huku mimi nimesimama mvuani nimeinua mwavuli juu kama bendera. Mwishowe mtoto alizaliwa dukani tulikomkimbizia mama yake, juu ya magunia ya unga wa muhogo, mikononi mwa Emérance wetu, muuza unga. Wote wawili ni wazima, na mtoto ni wa kike mwenye sauti. Lakini niliiona damu, Kaka, na niliuona uso wa yule mama ukipauka. Kikao kilichofuata nilisimama nikasema nimebadili msimamo, vibao viwekwe.

Emérance unamjua. Ndiye yule mama wa upande wa Beni aliyefika na watoto wake wawili mwaka ule watu walipokimbia kwa wingi, akaanza kuuza unga kwenye uzio wenu. Siku hizi hata wazee wetu wakielekeza mtu wanasema "kwa Emérance". Nikaona kazi ni rahisi: tuandike kile ambacho watu tayari wanakisema.

Diwani mwenzangu Kataliko, mwenye malori, alikuwa na wazo lingine. Alijitolea kutoa nguzo za chuma na rangi kwa kata nzima, mradi njia hiyo iitwe kwa jina la marehemu baba yake. Sitaki kumsema vibaya. Baba yake alikuwa mtu mwema, na nguzo zile nimeziona, ni nguzo kweli. Lakini mzee hakuwahi kuishi kwenye njia hiyo, na mimi niliona kwamba tukishauza jina moja, mwaka ujao tutaombwa kuuza yote.

Nikaenda kumwambia Emérance, nikidhani atafurahi. Alikuwa anachekecha unga. Akauweka ungo chini, akaniita kwa cheo changu cha udiwani kama kawaida yake.

"Hapana, Kansela. Miye niko mugeni. Mukiandika jina yangu ku njia, kesho batasema mama wa Kongo amenunua barabara ya Uganda. Na watoto yangu banasoma na watoto ya hapa."

Nikamuuliza basi tumwandike nani. Hakufikiri hata kidogo.

"Mama Loyi. Hapa hakukuwa njia. Kulikuwa kahawa yake."

Mama yako, Kaka. Shangazi yangu. Nilikaa juu ya gunia. Mimi ninayepita hapo kila siku nilikuwa nimeshasahau, na yeye ndiye aliyenikumbusha. Zamani watoto wa shule na wanawake wa mizigo walikuwa wanazunguka kwa barabara ya malori. Baada ya lori kumvunja msichana mmoja mguu, shangazi alichukua panga, akakata mistari miwili ya kahawa yake iliyokuwa ikizaa, akasogeza uzio ndani. Hakuitisha mkutano, wala hakumngoja diwani. Sisi barazani kazi hiyo ingetuchukua miaka, na labda tusingeimaliza.

Nakumbuka pia ulivyokasirika. Ulikuwa umeshaanza kazi huko Athi River, ukapiga simu ukamwambia anagawa urithi wako kwa wapita njia. Mkakaa muda mrefu bila kuongea. Sisemi haya ili kukuumiza. Nayasema kwa sababu ya yaliyotokea kikaoni.

Nilipolitaja jina la shangazi, Kataliko alisimama, tena kwa utulivu.

"Hiyo si njia ya umma. Ni shamba la Caleb. Akirudi kesho akaifunga, kibao chetu kitawaelekeza watu kwenye uzio."

Alikuwa na hoja, na madiwani wote wakanigeukia. Ndipo nikawaeleza habari za mazishi ya shangazi, mwaka ule mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, ukashindwa kuja, ukawa nasi kwa simu niliyoishika juu ya kaburi. Wazee walikuuliza mbele ya watu kama uzio urudishwe mahali pake pa zamani. Nikayarudia maneno yako kama ulivyoyasema:

"Acheni uzio pale mama alipouweka."

Kisha simu ikakatika. Nikawaambia madiwani kwamba kwangu mimi hilo ni neno la mrithi, na kama nimelielewa vibaya, nitawajibika mwenyewe. Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Jina la shangazi likapita, ingawa si kwa kura nyingi.

Kataliko akaziondoa nguzo zake, kama nilivyotazamia. Kwa hiyo kata nzima bado haijapata vibao. Njia chache tu zina vya mbao, alivyovitengeneza fundi Sowedi, na wakazi wakachimba mashimo wenyewe. Wako wanaonilaumu kwamba nimewakosesha chuma kwa ajili ya shangazi yangu. Ningekuwa wao, huenda ningesema vivyo hivyo. Kuhusu mitaro, umechimbwa mmoja, ule wa shuleni. Choo cha sokoni kimeingia kwenye mpango wa mwaka ujao, nami sitaacha kukifuatia.

Lakini maneno yako niliyatumia bila kukuomba, maneno uliyoyasema siku ya msiba. Kama ulimaanisha jambo lingine, niandikie. Nitarudi barazani niwaambie wote, hata ikibidi kibao king'olewe. Na kama ulimaanisha nilivyoelewa mimi, njoo Krismasi ujionee.

Kiko kwenye kona, mbele ya duka la Emérance, maandishi meupe juu ya kijani: NJIA YA MAMA LOYI. Wenyeji bado wanasema "kwa Emérance", na nadhani watasema hivyo kwa miaka mingi. Ila wageni wanakisoma, na wanamuuliza muuza unga, huyo Loyi ni nani. Nimemsikia kwa masikio yangu akiwajibu. Anaacha kupima, anafuta mikono kwenye kitenge, anamwonyesha mteja kwa kidole mstari wa kwanza wa kahawa ulikopita, na wa pili. Juzi dereva mmoja alimuuliza kama marehemu alikuwa ndugu yake.

"Yeye njo mwenye alitufungulia njia," akasema, akaendelea kupima.

Nisalimie sana wifi Wavinya, umwambie kitambaa alichonitumia nimekishonesha na kinanikaa vizuri. Mume wangu Ayesiga anakusalimu, na binti yetu Benedicte, aliye shuleni Rukoki, anauliza mjomba wake atakuja lini. Sylvie anasema atakuandikia mwenyewe, ila usimngojee sana.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe kifua chepesi, na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Eseri