Kitabu cha Trekta Ninachowasomea Mafundi

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, ziwa halionekani kutoka kibarazani. Kifua kimebana, lakini leo nimecheka.

Nestori alifika hapa kwangu Buzebazeba kabla sijamaliza uji. Ni fundi wa matrekta. Alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, miaka ile Warundi walipokimbia vita, akakulia huku. Trekta la mama mmoja wa kijiji cha Simbo limegoma kunyanyua jembe, na mvua ndiyo hii. Asipolima wiki hii, mahindi ya mwaka huu ndiyo basi.

Kitabu cha kiwanda, kikifika kwenye haidroliki, ule mfumo wa mafuta unaonyanyua jembe, kinasema tu: mwone wakala. Wakala yuko Dar es Salaam. Ndiyo maana tunatumia kile kingine, kilichoandikwa na watu wasiouza trekta hata moja. Walinunua lao, wakalifungua nati kwa nati, wakapiga picha kila hatua. Hawafichi kitu. Shida yake ni Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye msomaji.

"Kabla ya kufungua," nikamtafsiria, "shusha mikono ya kunyanyulia jembe."

"Mikono nimeshashusha, Mzee. Leta ugali tufungure!"

Kwa Kirundi, gufungura ni kula. Nilicheka hadi kikohozi kikanishika. Akanishikia glasi ya maji, akauliza taratibu: "Ukilazwa tena, Mzee wangu, nani atatusomea?"

Nilifurahi kusikia hivyo.

Daktari ameshaniambia ukweli kuhusu kifua hiki, basi na mimi niseme wangu. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote. Kitabu hiki ningekuwa nimeshakiandika kwa Kiswahili zamani. Mafundi waliponiomba, nilisingizia macho. Macho yangu ni mazima. Nilichotaka ni kubishiwa hodi.

Waliokiandika hawakuogopa kwamba fundi akishajua hatawahitaji tena. Mimi naogopa.

Mchana Nestori alipiga simu kutoka Simbo, akipiga kelele kushinda injini: "Limenyanyua, Mzee! Mama anacheza huku kwenye tope!"

Nikachukua penseli, nikaanza na sura ya haidroliki, nikiandika Kiswahili pembeni mwa picha. Maneno yanasomeka. Asubuhi, pumzi ikiwepo, naingia kwenye klachi.

Nikimaliza, Nestori hatakuwa na kazi na mimi. Je, atapita kunijulia hali tu?