Pamba Iliyonyunyiziwa Maji

Mwangaluka, mjukuu wangu Kulwa.

Msimu tuliohamia Nkololo nilipoteza pamba yangu yote, na uchungu ninao bado. Huku tu wazima, mama yako anavuna mpunga.

Unauliza kwa nini gesi inayozunguka shimo jeusi huweza kuchachamaa ghafla. Fikiria pamba yangu ile: shemeji yangu aliinyunyizia maji iongeze uzito mizanini, akairundika. Nikaingiza mkono ndani: moto!

"Itapoa yenyewe, shemeji," akacheka.

"Pamba yenye maji inaoza, na kuoza kunazaa joto haraka kuliko linavyotoka. Litapoaje?"

Hakusikia. Rundo likaungulia ndani kwa ndani.

Gesi yako inapashwa joto na msuguano. Basi nijibu kabla ya Jumapili jioni: ikipata moto kidogo zaidi, ikachachamaa kama rundo lile, kinachoongezeka haraka zaidi ni joto linalozaliwa au linalotoka?

Bibi yako