Mkongo wa Korongoni

Jumanne, 6 Julai 2010
Mita mia nne leo. Udongo mgumu, sururu mbili zimevunjika mpini. Vibarua wananung'unika, ndiyo kawaida yao. Nimewaambia serikali inataka mkongo wa intaneti ufike Handeni kabla ya mvua, na mkandarasi wetu anautaka kabla ya serikali. Wakacheka. Mimi msimamizi, sikucheka.

Jumatano, 7 Julai
Tumefika korongoni. Kukavu, mchanga mtupu. Mzee Lengai, mfugaji wa boma la jirani, alikuja kututazama. Nikamwamkia. Akasema kiangazi kikikolea wao huchimba visima humo mchangani, kila ukoo na sehemu yake, na sehemu yake yeye ndiyo hiyo tuliyopitisha kamba ya kupimia mtaro. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mkongo utakaa chini kabisa na juu yake tutamwaga zege. Akaenda zake.

Ijumaa, 9 Julai
Mchanga haushikiki. Ukichimba, unajifukia wenyewe. Siku mbili zimepotea bure. Saruji iko Korogwe, lori bovu. Nimelaza mkongo kina cha goti, nikafukia. Kwenye fomu nimeandika mita moja na nusu, na zege. Mhandisi wa mkandarasi amesaini bila kushuka garini. Roho haikunisuta. Nilikuwa nimechoka tu.

Jumatatu, 13 Septemba
Niko nyumbani Masuguru, nasubiri kupangiwa kipande kingine. Saa nne mhandisi kapiga simu. Mawasiliano ya Handeni yamekatika, maofisini wamerudi kwenye makaratasi. Mkongo umekatwa korongoni, kwa jembe. Mtu ameshakamatwa.
Mzee Lengai.

Jumanne, 14 Septemba
Nimekwenda na fundi wa kuunga. Kisima cha mzee kipo palepale, maji yametuama, ng'ombe wamevuruga kila kitu. Watu wanasema alikuwa anaiba shaba. Shaba gani? Ndani mna nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele. Mzee alikuwa anatafuta maji.
Mhandisi akaniita pembeni. Alisema, "Fomu inasema kuna zege. Aliyevunja zege alikusudia. Wewe kaa kimya, kazi yako ibaki."
Nikakaa kimya. Naogopa. Nina watoto watatu shuleni.

Jumatano, 15 Septemba
Sikufanya kitu. Nimekula, nimelala mchana. Nimemgombeza mke wangu bila sababu.

Alhamisi, 16 Septemba
Wameniita kituoni kutoa maelezo, shahidi upande wa mkandarasi. Nje alikaa mke wa mzee na kibuyu cha maziwa. Tangu jana hawajamruhusu kumpelekea. Alinisalimia vizuri, hajui mimi ni nani. Hilo liliniumiza kuliko matusi.
Nikaandika. Kina cha goti. Zege hakuna. Mzee alinionya kwa mdomo wake, mbele ya vibarua. Askari alisoma mara mbili, akaniuliza kama nina homa.
Saa tisa mzee katoka. Saa kumi mhandisi kapiga tena, safari hii maneno machache. Kazi sina.

Ijumaa, 17 Septemba
Mke wangu kaambiwa yote. Ametoka kwenda kwa dada yake, kule Hale. Nimewapikia watoto ugali. Umeungua kidogo.

Jumamosi, 18 Septemba
Mzee Lengai alituma salamu niende. Nimepanda basi asubuhi. Bomani nilipewa chai ya maziwa, nikaonyeshwa kigoda. Hakunishukuru, na mimi sikuwa nimestahili. Hakunilaumu pia. Alisubiri nimalize kikombe.
Akaniuliza, "Mwanangu, wapi kwingine umeandika zege na hakuna?"
Nikaweka kikombe chini. Kisha nikasimama, naye akachukua fimbo yake. Tulitembea kufuata mtaro mpaka alasiri, nikamwonyesha moja baada ya nyingine. Zilikuwa sehemu tatu.