Miezi Mitatu Nje ya Maji Moto

Jumatatu, 5 Juni 2023

Ni mimi. Si Yanet — mimi. Miaka minne mama anamsema mke wangu kuwa ana tumbo la baridi, lisiloshika mimba, kumbe kasoro iko kwangu.

Dakta Etcheverry kaniambia taratibu, kama anayemwambia mtoto paka wake amekufa. Mbegu chache, na nyingi dhaifu. Herufi za urithi ni nzima, anasema. Ila juu ya herufi hizo kuna alama ndogo ndogo zinazoiambia seli isome hapa, inyamaze pale. Kwenye seli zangu zinazotengeneza mbegu, alama hizo zimevurugika. Kisha akauliza: huwa unakaa kwenye joto?

Yanet akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi.

Jumanne, 6 Juni

Usingizi wapi.

Hapa mjini Salto kila ugonjwa dawa yake ni chemchemi ya maji moto. Mama ndiye aliyesema mpeleke mkeo akaloweke, tumbo lipate moto. Nami kwa mapenzi nikawa namsindikiza kila Jumapili, na nachagua bwawa kali kuliko yote. Yeye anachoka, anatoka. Mimi nabaki, maji shingoni. Siku za kazi naendesha lori la machungwa hadi mji mkuu, Montevideo, chupa ya maji moto ya mate, majani yetu ya kunywa kama chai, nimeibana mapajani njia nzima. Nimejichemsha kama yai!

Dakta anasema huenda si joto peke yake, lakini tuanzie hapo: nikae mbali na joto, kisha tupime tena. Seli hizo hutengeneza mbegu kila siku, na mbegu mpya hukomaa kwa karibu miezi mitatu. Alama zinaweza kukaa sawa. Zinaweza — hakusema zitakaa. Nimeling'ang'ania neno hilo.

Jumamosi, 8 Julai

Chupa sasa inasafiri kwenye kiti cha pembeni. Waldemar, tunayepokezana naye lori, ameifunga mkanda. Anataka kujua mimi na chupa tumekosana nini, mbona zamani tulikuwa tunalala pamoja. Nimemwambia aendeshe.

Jumapili, 13 Agosti

Nimemdanganya mama mgongo unauma. Yanet kaenda naye chemchemi bila mimi. Karudi macho mekundu. Mama kamwambia mbele ya majirani: mwanangu amekukatia tamaa, ndiyo maana haji.

Nikamuuliza Yanet, hukumjibu? Akasema siri ni yako, Wilmar, siwezi kuitoa mimi. Lakini nimechoka kukubebea.

Nimeona aibu. Nampenda huyu mwanamke.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimetoa sampuli ya pili. Majibu Jumatatu. Yanet ananunua machungwa wakati lori langu limejaa machungwa. Hata yeye roho iko juu.

Jumapili, 17 Septemba

Naandika nimekaa nyasini, kando ya bwawa.

Mama alikuwa majini na mashoga zake, Yanet katikati yao. Akapaza sauti: ingia, mwanangu, utaugua baridi huko! Kisha akamgeukia Yanet — unaona, hata kukukaribia hataki. Mashoga wakaguna.

Nikasimama. Nikasema mama, ni mimi. Yanet hana kasoro yoyote, hajawahi kuwa nayo. Mimi ndiye nisiyezalisha, na maji haya ndiyo yanayonimaliza. Nilisema kwa sauti ya kuitia mifugo, bwawa zima likasikia. Shoga mmoja akaanza kutafuta kandambili zake ndani ya maji.

Mama katoka bila taulo, anachuruzika, kaja kukaa hapa. Akatengeneza mate kwenye kibuyu. Siku zote kibuyu huanzia kwangu, kikimfikia Yanet majani yameshapoteza ladha. Leo kaanza na Yanet. Kunywa, mwanangu, akamwambia. Yanet alikishika kibuyu muda mrefu kabla ya kunywa.

Halafu mama akanitazama mapajani. Chupa! Mazoea, nilikuwa nimeibana tena. Akainyakua, akaipakata yeye. Mpaka sasa hajaiachia.

Anauliza majibu kesho saa ngapi. Saa tatu. Anasema basi naye anakuja. Nilifungua mdomo kukataa, Yanet akaniwahi: njoo, mama, ila kwa dakta utakaa kimya. Mama kasema sawa. Mama yangu huyu, kasema sawa. Sasa anataka kujua huyo dakta hunywa mate na sukari au bila, maana atambebea, na Yanet anamjibu kuwa hilo atamuuliza yeye.