Vipimo kwa Sauti ya Mama

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo? Kile kikohozi chako kimekuacha? Huku wazima, cherehani zinazunguka, wateja wanasumbua kama kawaida yao.

Najua tangu tumzike Mama hatuandikiani. Lakini nina shida unayoiweza wewe tu. Daktari wa masikio ameniambia la kushoto limeshakufa na la kulia linafuata; mwaka hautaisha sijawa kiziwi kabisa. Nikamwambia sawa, angalau nitapumzika na kelele za wateja. Nikatoka pale nikalia kwenye ngazi mpaka bawabu akaniletea kiti.

Unakumbuka Mama alivyokuwa haandiki vipimo? Utepe shingoni, kinasa sauti mkononi: "Bega kumi na tano, kiuno thelathini na nne, na huyu mama apunguze kula usiku." Sauti hizo zote ninazo, lakini kompyuta ya zamani iliyokuwa inazifungua imekufa, na mpya haizijui. Inasema eti faili halitambuliki. Halitambuliki! Mama yangu mzazi!

Nimekutumia zote. Kazi yako ndiyo hiyo, kufufua mafaili ya zamani. Nifungulie nimsikie kabla sikio halijafunga.

Dada yako

22 Machi

Shikamoo dada,

Pole na sikio. Mimi mzima, ila kazi imenifika shingoni: tunahamisha picha za eksirei za hospitali kutoka kwenye mashine ambayo hata aliyeiunda ameshaisahau.

Mafaili nimeyapata. Ni magumu. Kampuni iliyotengeneza programu ile ilishafunga milango. Halafu kazini tuna sheria: nakala haihesabiki kuwa nzima mpaka mtu wa pili aifungue na kuisikiliza hadi mwisho. Kwa hiyo ngoja. Siku ya mazishi hukutaka kuningoja, najua. Sasa jifunze.

Mdogo wako

15 Juni

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi namshukuru Mungu kwa macho. Cherehani naiwekea kiganja nijue kama inazunguka. Jana mteja alinigongea mlango mpaka akachoka, akapitia dirishani kunitukana. Nilimwona tu mdomo unavyokwenda.

Kuhusu mazishi nilishakueleza. Safari yako iliahirishwa mara mbili, mochwari haikuwa na umeme, mwili ulikuwa haungojeki. Ulitaka nifanye nini? Nitukane ukipenda, nimezoea. Lakini nitumie hata moja. Hata ile anayogombana na zipu.

Bado nasikia kidogo, ukinisogelea sana. Nakuomba.

Dada yako

9 Novemba

Shikamoo dada,

Natumai u mzima. Mafaili yote hayo hapo, safi, yanafunguka kwenye mashine yoyote.

Nikwambie ukweli: yalifunguka wiki ile ile uliyoyatuma. Nilikaa nayo. Mimi nilifika na begi mkononi nikawakuta mnakung'uta udongo viatuni. Hata uso wake hukuniachia niuone. Nami nimekungojesha mpaka sikio limefunga. Shangazi ameniambia siku hizi mnaongea kwa kuandikiana.

Sasa tuko sawa.

Mdogo wako

14 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu. Nimeyapata, yanafunguka. Naona mistari ya kijani inapanda na kushuka. Nimeweka kiganja juu ya spika na kitu kinatetemeka, nami najua ni yeye.

Umeshinda. Umenimaliza. Basi niandikie tu anasema nini kwenye lile la mwisho, alilolirekodi akiwa kitandani. Hilo moja tu, nami sitakusumbua tena.

Dada yako

20 Novemba

Dada,

Anasema: "Mwambieni mkubwa amngoje mdogo wake. Asinizike hajafika."

Ndivyo anavyosema. Lala nayo.

Mdogo wako

2 Desemba

Kwako,

Natumai u mzima. Mimi mzima, isipokuwa unapopajua.

Nililala na maneno yako kama ulivyoagiza. Nilishachukua kalamu nikuombe radhi, ndipo nikaikumbuka ile sheria ya kazini kwenu, ya mtu wa pili. Nikamwita fundi mwenzangu anayetia vifungo, akavaa visikilizio, akasikiliza hadi mwisho na kuniandikia kila neno kwenye karatasi ya kukatia mitindo.

Mama hakutaja kuzikwa. Anapima. Anakohoa na anapima kwa kichwa: "Bega kumi na nne, kiuno ishirini na saba, mkono mrefu maana huyu huona baridi hata juani. Kitinda mimba wangu simhitajii utepe. Gauni lake limebaki pindo tu. Akija atalikuta kabatini." Anacheka. Basi, hapo ndipo linapoishia.

Hukusikiliza hadi mwisho. Nakujua; ulisikia sauti yake ukafunga. Ungesikiliza, usingethubutu kumtilia marehemu maneno mdomoni.

Gauni lipo. La bluu, halina pindo, limening'inia kabatini muda wote huu nikidhani mteja amelitelekeza. Nimelipima kwa karatasi ile. Ni lako, halikosei hata nusu inchi.

Nimelifumua. Mshono mmoja mmoja, kwa wembe, mpaka uzi wa mwisho alioutia kwa mkono wake. Kitambaa ni kizuri, kimetosha mito ya benchi la wateja. Ninavyokuandikia, mama mmoja mnene ameikalia tangu asubuhi, anangoja zipu.

Usijibu. Na ukipiga simu, unajua siisikii.

Fundi wa duka