Siku Yangu ya Kuokoka

Muthangari, Nairobi
Juni 1957

Kwako dada mpendwa Caren,

Pokea salamu zangu katika Bwana wetu, wewe pamoja na shemeji Shem na watoto. Natumaini kifua cha mdogo kimepoa, na kwamba mvua haikuwaharibia mtama. Sisi huku ni wazima. Baba mdogo Nashon bado anapika kwa Mzungu wake, na mkewe, mama Selpher, anakusalimu sana. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu yeye hupenda kusoma barua zangu kabla sijazifunga, na Kiswahili cha kusoma humchosha upesi. Hii sitaki aisome. Nina jambo la kutubu kwako, na nikikawia nitaogopa tena.

Utakuwa umesikia kwamba nimepata kazi. Ni kweli. Tangu Aprili mimi ni yaya nyumbani kwa Bwana Harbans Singh, Kalasinga mwenye duka la mbao mjini. Wanakaa Westlands. Mkewe, Mama Gurmeet, hunifundisha kukanda chapati na huicheka mikono yangu inavyositasita. Mtoto wao Inderjit ndiyo kwanza anaanza kusema. Najua nyumbani mlimshukuru Mungu kwa kazi hii. Nataka ujue ilivyonifikia.

Ushirika wa ndugu hukutana Jumapili alasiri nyuma ya vyumba vyetu vya wafanyakazi. Huku kila mgeni husimama akataja siku aliyookoka na dhambi aliyoiacha. Kule nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza. Mimi ni mtoto wa Mama, ambaye wote wanajua ameokoka, kwa hiyo watu walijua tu. Jumapili moja kabla ya zamu yangu, msichana mmoja, Philister, alisema amempenda Yesu tangu utotoni na hakumbuki siku. Mzee mmoja akamwuliza kama amewahi kuona bibi harusi asiyejua siku aliyoolewa. Watu wakacheka, wakamzunguka wakiimba, wakamwombea kama mtu wa nje. Philister alilia, nao wakafurahi wakidhani amevunjika.

Mimi pia sina siku, dada. Nimeitafuta sana. Namwita Bwana tangu nilipojua kusema, lakini sijui kama ameniitikia au ni sauti yenu ninayoisikia, wewe na Mama. Na kiongozi wa ushirika ule ni baba mdogo, naye alikuwa akinitazama kwa fahari. Basi nikasimama nikatoa ushuhuda. Unanijua, darasani nilikuwa nikijibu kwa kunong'ona. Siku ile sauti ilitoka vizuri, na watu wakalia.

Aliyelia kuliko wote ni Munyiva, mama wa Kikamba, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa yaya wa Inderjit. Kesho yake alifunga bilauri za chuma na blanketi la mtoto, vitu alivyokuwa amevichukua kidogo kidogo, akamrudishia Mama Gurmeet na kupiga magoti jikoni. Mama Gurmeet alilia pamoja naye. Bwana Harbans hakulia. Alisema mwizi aliyesema ukweli bado ni mwizi, akamwachisha kazi. Jumapili iliyofuata tuliimba, Munyiva yuko katikati yetu, hana kazi na uso unang'aa. Baba mdogo aliposikia nyumba ile haina yaya, alinipeleka. Alisema Bwana amefungua mlango.

Sasa Munyiva huwauzia mafundi wa ujenzi maharagwe ya kupikwa kule Riruta. Mara nyingine hupita getini kumwona Inderjit, ambaye hadi leo akianguka humlilia yeye, hanililii mimi. Mwezi uliopita alikuja amechoka. Mumewe alikuwa ametuma neno kutoka Machakos kwamba ameoa mjinga, na Munyiva mwenyewe alianza kuwaza kama kweli Yesu alimpokea. Akaniomba nimsimulie tena ushuhuda wangu apate nguvu. Nikamsimulia, tumesimama pale getini, mtoto yuko mgongoni kwangu.

Dada, ulikuwa ushuhuda wako. Sukari ya mwalimu uliyoiiba, yule mpishi aliyefukuzwa kwa sababu yako, wewe kuirudisha ukiwa umepiga magoti mbele ya shule nzima, na ile amani uliyosema ilikuja kama mtu ameingia nyumbani akaketi. Vyote nilivichukua. Nilibadilisha jina la shule tu. Mara ya kwanza nilisema nikitetemeka. Mara ya pili sikutetemeka hata kidogo, na hapo ndipo nilipojiogopa.

Jumatano nilimfuata Munyiva Riruta nikamwambia yote, kando ya sufuria zake. Nilidhani naenda kuiangusha imani yake. Aliendelea kupakua. Fundi mmoja akamtania kwamba maharagwe ya leo yamepikwa matangani, naye akamjazia sahani. Walipoondoka akanigeukia.

"Bilauri nilichukua mimi, na nikarudisha mimi," alisema. "Hapo hakuna uongo yako. Yesu alinikuta na hizo bilauri, hakunikuta na sukari ya mtu. Lakini wewe, Lornah, nani alikuokoa? Dada yako?"

Kisha aliniambia niende, wateja wengine wanakuja. Hajapita getini tena.

Nimemwomba Mama Gurmeet amrudishe. Anasema atazungumza na mumewe akimkuta na moyo mzuri, na bado hajamkuta nao. Tafadhali usiombe nibaki na kazi hii.

Jumapili nitasimama tena. Nitasema sina siku, na ile niliyoitaja ni ya dada yangu. Baba mdogo ataaibika mbele ya watu wake, nami sijui nitamtazamaje mezani. Wataimba wakinizunguka na kuniombea kama mtu wa nje, na sitakuwa na la kujitetea. Sijui kama baada ya hapo nitapata ule uhakika mlio nao ninyi. Nimekuwa nikimtafuta Bwana katika siku yako, na siku ile alikuja kwa ajili yako. Labda mimi atanikuta ndani ya uongo huu, maana ndiyo dhambi ya kwanza ninayoweza kusema bila shaka kwamba ni yangu.

Nisamehe, Caren. Kama huwezi sasa, niandikie hata hivyo. Wabusu watoto, na umsalimu shemeji Shem. Mama usimsomee barua hii. Nitamwandikia mwenyewe baada ya Jumapili, nikiwa nimekwisha kusema.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Lornah