Aneth Hupanda wa Kwanza

Baba Aneth, mume wangu,

Huku Akheri mvua zimeanza, kahawa yako imechanua, na mimi naogopa. Hilo la mwisho ndilo limenikalisha kukuandikia.

Unakumbuka ile Jumapili uliyotupeleka mjini baada ya ibada? Ulikuwa bado na kampuni ya serikali, ile iliyowapa kofia na mabuti. Ukatusimamisha mbele ya ghorofa mliyoimaliza, ukambeba Aneth begani, ukamwonyesha dirisha la kona juu kabisa. "Pale ndipo nilipokuwa nakula mchana, mwanangu." Mtoto akapiga makofi. Mimi kutazama tu kizunguzungu kikanishika, nikaning'inia kwenye koti lako, ukacheka mpaka watu wakageuka. "Umezaliwa mlimani, halafu unaogopa juu!" Ulinitania kwa hilo mpaka tunafika nyumbani. Wakati ule nilinuna, lakini leo ningekubali nitaniwe mchana kutwa.

Kisha kampuni ikafa kama zilivyokufa nyingine, mkapunguzwa kazini, na mji ukajaa matajiri wapya waliotaka hoteli zao ziishe haraka watalii waje. Kwa tajiri wako wa mwisho kofia ulijinunulia mwenyewe. Mbao za jukwaa la kusimamia mafundi zilikuwa chache, zikihamishwa kutoka ghorofa moja kwenda nyingine. Ulinieleza huku unakula, eti kichekesho: "Asubuhi unakanyaga ubao, mchana haupo." Nikakuambia utafute kazi nyingine. Ukasema, "Mimi na ghorofa tumezoeana, Mama Aneth." Siku ya msiba ulirudi juu baada ya chakula cha mchana, ukaweka mguu mahali palipokuwa na ubao asubuhi. Sitaandika zaidi. Aneth alikuwa darasa la pili.

Kwa hiyo utaelewa nilivyoduwaa aliposema anataka kusomea usalama wa ujenzi. Nilimnunia. Ana kichwa chako yule. Hakubishana, alisoma tu. Kozi, mitihani, miaka ya kumfuata afisa mkubwa kutoka saiti hadi saiti, mitihani tena. Alipoleta cheti, na picha yake amekunja uso kama yuko mahakamani, nilishangilia kuliko wote. Jumuiya ya kanisani ilikuja kuimba, mdogo wako akachinja mbuzi. Nilidhani ni cheti cha kukaa chini na kalamu, kofia nyeupe kichwani, kazi yake kuwakemea wanaume walioko juu.

Ukweli niliupata kwa rafiki yake aliyekuja kula ndizi nyumbani, akasema kwa kumsifia: "Mama, kwenye saiti yetu hapandi mtu kabla Aneth hajapanda." Kijiko kikaniponyoka. Kumbe ndiyo kazi yenyewe! Asubuhi, kabla ya fundi yeyote, anapanda peke yake, anakanyaga kila ubao, anatikisa mabomba, anakagua vifungo, ndipo anashuka na kutundika kibao cha kijani cha ruhusa kwenye ngazi. Anavaa mkanda wa usalama, ndiyo. Anasema mkanda unafungwa kwenye bomba imara. Nikamuuliza, na hilo bomba nani amelikagua kabla yake? Akacheka kicheko chako. Mimi sikucheka.

Tangu hapo asubuhi zangu zimeharibika. Nakamua ng'ombe nikiwaza, sasa hivi yuko ngazini. Gari likipunguza mwendo pale kwenye migomba, nasimama na ndoo mkononi kuona kama litasimama au litapita, maana habari zako zililetwa kwa gari.

Na cheti chenyewe kina mwisho. Kila baada ya miaka kadhaa lazima akihuishe: anarudi darasani, anapimwa macho na moyo, anafanya mtihani. Asipofanya, hapandi tena. Mwaka huu zamu ilifika, na wakati huohuo ghala moja la vifaa kule Kikatiti likamtaka asimamie stoo. Chini kabisa, Baba Aneth, sakafu ya saruji! Nilipiga magoti kushukuru. Yeye akaja Jumamosi, akakaa nami jikoni kumenya ndizi, akasema bila kuinua macho: "Mama, naona unavyokonda. Ukisema niache, naacha, wala sitakununia. Ila uniambie kabla sijajiandikisha."

Angenipiga kofi ningepata nafuu. Sikulala vizuri tena, na wiki iliyofuata nikapanda gari la asubuhi kwenda saiti yao kumwambia aache. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

Mlinzi alinivalisha kofia, akanisimamisha karibu na geti. Chini ya jukwaa walisimama wanaume na vyombo vyao vya kazi, wengine wana mvi, hawafanyi kitu. Nikauliza wanangoja nini. "Wanamngoja afisa ashuke, mama." Nikainua macho. Aneth alionekana mdogo kule juu, anainama, anakanyaga, na mara jukwaa likayumba, naye akarudisha mguu. Nikasikia sauti yake: "Bomba la kushikiza jukwaa limefunguliwa huku! Hapandi mtu!"

Msimamizi akaanza kufoka. Lori la zege liko njiani, hasara atalipa nani?

"Utajua wewe," Aneth akajibu kutoka juu. "Kibao cha kijani sitoi."

Wale wanaume wakaweka vyombo chini, wakakaa. Mmoja akafungua chupa yake ya chai.

Mlinzi akanitandikia mfuko mtupu wa saruji nikalie. Nilikuwa nimeuona mguu wa mwanangu ukienda mbele na kurudi. Nikawatazama wale wanaokunywa chai, nikawaza wake zao, wako makwao wanafua na kukamua, hawana habari kabisa. Nikakuwaza wewe, siku ile, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amepanda kabla yako. Nililia pale getini bila aibu.

Aliposhuka akaja mbio. "Shikamoo mama, kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa," nikasema. "Kajiandikishe."

Hata mimi nilijishangaa. Akanishika mikono.

Usidhani nimekuwa jasiri. Naogopa kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nimeona kwa macho yangu jinsi jukwaa linavyoyumba. Amefaulu mtihani, cheti kimehuishwa, stoo ya Kikatiti wamempa mwingine. Mchungaji hapendi tuwaombe waliolala, kwa hiyo sikuombi umlinde. Nakuarifu tu, kama mke anavyomwarifu mumewe jambo kubwa la nyumbani: mtoto wetu anapanda kesho asubuhi, na safari hii aliyemruhusu ni mimi.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Aneth